Kipimo Kilimwambia Dada Yuko Salama, Kikanitisha Mimi Bure

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nimeolewa, nina watoto wawili. Safu yako naisoma kila inapotoka, na nakiri mara nyingi nimecheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu imenifikia.

Dada yangu anayenitangulia ana miaka 47. Ni mtu wa utaratibu. Tangu alipofikisha 40 hakukosa hata mwaka mmoja kwenda kupiga picha ya matiti. Picha ya mwisho aliipiga akiwa na miaka 46, akapewa karatasi: hakuna dalili ya saratani, rudi baada ya mwaka. Miezi minane baadaye, akiwa anaoga, vidole vyake vikagusa kitu karibu na kwapa la kushoto, kigumu kama kokwa. Ilikuwa saratani. Amefanyiwa upasuaji, amemaliza dawa za dripu, nywele zimeanza kuota. Ile karatasi ya "hakuna dalili" bado anayo kwenye droo. Siku moja nilimkuta ameitoa anaisoma, kidole kikifuata mistari kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikarudi kinyumenyume bila kumwambia kitu.

Baada ya hapo nikaenda na mimi, kwa mara ya kwanza. Mpiga picha alikuwa mpole, lakini ile sahani iliposhuka na kubana, machozi yalinitoka. Wiki moja baadaye nikapigiwa simu: rudi, kuna sehemu haikuonekana vizuri. Nikarudi. Picha nyingine, kisha ultrasaundi, kisha sindano ya kuchukua kinyama. Nilisubiri majibu siku tisa. Sikulala. Niliandika kwenye daftari namba za akaunti na mahali zilipo hati za watoto. Majibu yalipotoka, ni faibroadenoma, uvimbe usio na madhara. Daktari akaniambia matiti yangu yana tishu nzito, kundi C, kwa hiyo picha yake haisomeki kirahisi, na kwamba nirudi mwaka ujao.

Mume wangu anasema basi. Maneno yake ni haya: "Mashine imemwambia mgonjwa kuwa ni mzima, ikamwambia mzima kuwa ni mgonjwa. Ingekuwa mzani ungeshautupa." Nimekosa la kumjibu.

Kisha kuna mama. Ana miaka 78 na amepimwa miaka mingi bila tatizo. Mwezi uliopita alipokwenda akaambiwa kwamba kwa umri wake si lazima aendelee. Alirudi amenuna: "Wameniona wa kufa tu." Anataka nimpeleke kwingine.

La mwisho ndilo linalonikaba. Dada hajui kwamba niliitwa tena, wala hajui habari ya sindano. Nitamwambiaje kwamba mimi majibu yangu yalikuwa mazuri? Kila akiniuliza "Umeshapima?" namjibu "Nitakwenda." Huu ni mwezi wa pili namdanganya.

Je, nirudi mwaka ujao au niache? Nitafute kipimo kikubwa zaidi, ile MRI, picha ya sumaku? Na mama nimpeleke?

Ni mimi, Niliyechoka Kusubiri Majibu.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale kwenye daftari. Mtu anayeandika mahali zilipo hati za watoto wake ameshatembea hadi mwisho wa njia akarudi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ulijitisha bure, hata kama wewe mwenyewe umeliandika neno hilo. Mimi si daktari na picha zako sijaziona. Ninachoweza ni kukaa nawe tuzitenganishe nyuzi hizi, maana umeniletea zikiwa zimesokotana.

Nikikuelewa, unaniuliza mambo matatu: uendelee au uache, uongeze kipimo kingine au la, na mama aendelee au apumzike. Chini ya yote matatu umeweka jambo moja ambalo hukuniuliza, umelichukulia tu kuwa ndivyo lilivyo: kwamba kipimo hiki ni kiongo. Hapo ningependa tukae kidogo.

Mume wako amepata mfano mzuri, ila haujatosha. Mzani mbovu ni mbovu kwa kila anayekuja kupimiwa. Mamografia, yaani hiyo picha ya matiti, haiko hivyo. Ubora wa jibu lake unategemea titi lililowekwa kwenye ile sahani, na titi hubadilika na umri. Titi la mwanamke ambaye bado anapata hedhi kwa kawaida lina tezi nyingi na nyuzi za kuzishikilia, na vitu hivyo kwenye picha hutokea vyeupe. Mafuta hutokea meusimeusi. Sasa saratani nayo hutokea nyeupe. Kuitafuta kwenye titi lenye tishu nzito ni kama kutafuta uzi mweupe uliodondoka juu ya shuka jeupe. Mwanamke akishakoma hedhi, tezi hupungua, mafuta huchukua nafasi yake, na lile shuka linaanza kugeuka jeusi. Uzi uleule sasa unaonekana.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulilipima jambo hili. Kwa wanawake wa miaka 40 hadi 44, mamografia iliona takriban saratani 69 kati ya kila 100 zilizojitokeza ndani ya mwaka mmoja wa kipimo. Kwa wanawake wa miaka 80 hadi 89 iliona 83. Walipopanga kwa uzito wa tishu badala ya umri, pengo likawa kubwa zaidi: takriban 63 kwa matiti mazito kabisa, 87 kwa yale yaliyojaa mafuta. Picha za siku hizo zilikuwa za filamu. Utafiti mwingine wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mashine za dijitali ziliwasaidia hasa walio chini ya miaka 50 na wenye tishu nzito, kwa hiyo pengo limepungua. Halijazibika.

Turudi kwa dada yako. Kuna njia mbili za kupata "hakuna dalili" leo na uvimbe baada ya miezi minane. Ya kwanza, uvimbe ulikuwepo na tishu zikauficha. Ya pili, siku ile haukuwepo wa kuonekana, kisha ukakua haraka. Saratani za wanawake ambao hawajafika 50 mara nyingi hukua kwa kasi kuliko za wakubwa wao, na ule muda ambao mashine inaweza kuuona uvimbe kabla ya mkono kuugusa huwa mfupi. Madaktari wakiiweka picha ya zamani kando ya mpya, wakati mwingine wanaweza kusema ilikuwa njia ipi. Kwa vyovyote, ile karatasi haikumwambia dada yako kwamba ni mzima. Ilimwambia kwamba kwenye picha ile, siku ile, hakikuonekana kitu. Kauli hizi mbili zinafanana sana ukiwa na furaha ya kwenda nyumbani.

Na wewe je? Utashangaa, mwanangu: kilichomficha dada yako na kilichokutisha wewe pengine ni kitu kimoja. Tishu nzito huficha uvimbe, na pia tishu hizo zikipandana hutengeneza kivuli kinachofanana na uvimbe. Kwako kulikuwa na faibroadenoma kweli, lakini msomaji wa picha hakuwa na namna ya kuijua bila kukuita. Tena ilikuwa picha yako ya kwanza. Hakuwa na ya mwaka juzi ya kulinganisha, aone kama kile kitu kimekaa hapo siku zote. Picha ya kwanza ndiyo inayoita watu zaidi. Ukirudi, ya pili itakuwa na mwenzake.

Kidogo kuhusu hilo kundi C, kwa sababu nahisi umelipokea kama ugonjwa. Makundi ni manne, A hadi D, na karibu nusu ya wanawake waliovuka 40 wako C au D. Halijulikani kwa kushika. Titi gumu mkononi linaweza kuwa la mafuta kwenye picha, na laini likawa zito. Ni kweli kwamba tishu nzito zenyewe huongeza kidogo uwezekano wa kupata saratani. Lakini kwako maana yake kubwa ni kwamba jibu la "hakuna kitu" lina uzito pungufu kuliko lingekuwa nalo kwa mama yako.

Sasa tuzitazame njia zenyewe.

Kuacha, kama anavyotaka mume wako, kuna faida moja ya kweli: hakuna simu ya "rudi". Mimi siidharau hiyo. Hesabu za Marekani zilizotolewa mwaka 2011 zinasema mwanamke akianza na miaka 40 na kupima kila mwaka kwa miaka kumi, uwezekano wa kuitwa angalau mara moja kwa jambo lisilo saratani ni takriban asilimia 61. Akipima kila baada ya miaka miwili, ni asilimia 42. Wanaofikishwa kwenye sindano kama wewe ni asilimia 7 kwa wa kila mwaka, na karibu 5 kwa wa miaka miwili. Kwa hiyo ukiendelea, huenda simu hiyo ikaja tena. Heri ulijue leo ukiwa umetulia.

Upande wa pili, kuna utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanawake wapatao 160,000 kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliopewa mamografia kila mwaka kuanzia karibu na miaka 40, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa robo katika miaka kumi ya mwanzo. Robo inasikika kubwa, na ni kubwa, ila katika umri huo wanaokufa kwa ugonjwa huu si wengi: ilibidi wapimwe wanawake kama 1,150 ili mmoja aokolewe. Wapo watakaosema, mmoja tu! Wapo watakaosema, na kama huyo mmoja ni mimi? Sijaona bado hoja ya kuwanyamazisha hawa wala wale. Hata wataalamu hawajakubaliana: Uingereza huanza kuwaita wanawake wakiwa na miaka 50 hadi 53, kila baada ya miaka mitatu, na jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya uchunguzi lilisema mwaka 2024 waanze 40, kila baada ya miaka miwili.

Kuongeza kipimo nako kuna bei yake, na si ya pesa tu. Huko Japani waliwapima wanawake zaidi ya 72,000 wa miaka 40 hadi 49, umri wako hasa. Nusu walipewa mamografia peke yake, nusu wakaongezewa ultrasaundi. Saratani zilizoonekana zilipanda kutoka 77 hadi 91 kati ya 100. Hilo ni ongezeko la maana. Lakini walioitwa bure nao waliongezeka. MRI inaona zaidi ya hapo, tena haijali sana uzito wa tishu, ila inaona mengi mno, hata yale ambayo yangekaa kimya. Kabla ya kuitafuta, jiulize swali la uonevu kidogo: je, nataka kujua zaidi, au nataka mtu aniambie kwamba sitaugua? La kwanza linapatikana. La pili hakuna mashine inayoliuza.

Ungeniuliza pia kuhusu kujishika kila mwezi, maana dada yako aliupata mwenyewe bafuni. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, nusu yao walifundishwa kujipima kwa ratiba. Matokeo ya mwaka 2002 hayakuonyesha vifo kupungua, bali sindano nyingi zaidi kwa vivimbe visivyo na madhara. Kwa hiyo ratiba haina ulazima. Lakini lijue titi lako lilivyo, na likibadilika, nenda, hata kama una karatasi ya juzi inayosema hakuna kitu. Dada yako alifanya hivyo. Hakusema "nimepima juzi", na huenda hilo ndilo lililomsaidia kuliko picha zote saba.

Ila takwimu nyingi kati ya hizo ni za wanawake kwa jumla, na wewe una dada aliyeugua kabla ya miaka 50. Hilo linakusogeza kwenye foleni nyingine, ambako swali la kwanza si umri wako bali ni ukoo wako. Nani mwingine aliugua, titi au ovari, akiwa na miaka mingapi? Na usihesabu upande wa mama peke yake. Watu hudhani titi ni urithi wa mama, wakasahau kwamba vinasaba hivi hupita hata kwa baba. Mimi kama shangazi nachukia sana kusahauliwa. Jibu likielekea huko, daktari anaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kinapowezekana, huanza kwa yule aliyeugua. Akikutwa na hitilafu, ninyi wengine mnajua cha kutafuta. Ukianza wewe mzima, jibu la "hakuna" linaweza kukuacha ulipokuwa. Wale wanaokutwa nayo hupewa MRI mapema, na kwao hakuna anayebishana kama inafaa.

Unaona tunaelekea wapi. Kabla hatujafika, tumpitie mama.

Nilicheka kidogo, nisamehe, kwa sababu kati yenu watatu, mama ndiye ambaye mashine inamsoma vizuri kuliko wote. Titi la miaka 78 kwa kawaida ni picha safi. Kwa nini basi aambiwe aache? Kwa sababu kuona vizuri na kufaidika ni vitu viwili. Faida ya kugundua uvimbe mdogo usioshikika huja baada ya miaka, mara nyingi karibu kumi. Na katika umri wake baadhi ya saratani zinazoonekana hukua polepole kiasi kwamba zisingemsumbua kamwe. Zikishaonekana, hata hivyo, zitataka kisu na dawa. Tafiti kubwa za mamografia hazikuwahusisha waliovuka 75, ndiyo maana lile jopo la Marekani linasema ushahidi kwa umri huo hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Huko Uingereza mialiko hukoma kabla ya 71, ila mwenye kutaka anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Kama mama ana nguvu, hana ugonjwa mwingine mzito, na akiambiwa ana uvimbe angekubali matibabu, ombi lake si la ajabu. Kama moyo au figo zinamsumbua, huenda kipimo kikamletea vita asiyohitaji. Lakini kabla ya kumpeleka popote, kuna neno aliloambiwa vibaya. Hakuna anayepaswa kumwambia bibi wa miaka 78 "si lazima" akaishia hapo. Uwezekano wa kuugua haupungui na umri, unapanda. Akihisi kitu chochote anastahili kuchunguzwa siku hiyohiyo kama msichana. Mwambie hivyo, kwa sauti yako, uone kama kununa hakutapungua. Pengine hataki picha. Pengine anataka kuhesabiwa.

Sasa dada yako. Umenificha swali lako kubwa mwishoni, kama mgonjwa anayesema la maana akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Unaona aibu kwamba wewe umesalimika na yeye hapana. Lakini unadhani anapokuuliza "Umeshapima?" anataka kusikia nini? Anakuuliza akiwa na nywele fupi, akijua kipimo kile kilimpita. Angekuwa amekikatia tamaa asingekuuliza. Na kila unapojibu "Nitakwenda", unamwachia hofu juu yako ambayo wewe umeshaitua.

Kuna hatari, sikufichi. Anaweza kuumia. Anaweza kukaa kimya siku mbili. Anaweza kusema "kwa nini mimi?", na hapo usimjibu, hakuna jibu. Unaweza pia kungoja, useme ukiwa tayari. Yeye ametoka kwenye dawa juzi tu, na wewe ndiye unayemjua. Ila kumbuka kwamba lile unalohitaji kujua kabla ya kuamua habari ya mwaka ujao, aina ya saratani yake, alivyosomewa, kama alipimwa vinasaba, liko kwake. Daktari wako ataliuliza.

Kama hujui pa kuanzia, anza na ile karatasi ya kwenye droo. Mwombe muisome pamoja. Ripoti nyingi zina mstari unaotaja kundi la tishu, A, B, C au D, na wengi huuruka kwa sababu macho yanakimbilia neno la mwisho. Wewe una yako, imeandikwa C. Ichukue uende nayo.